MOTOKAA INAPOKATAA KUINGIA GIA

Barabara itokayo mji wa Bungoma kwenda Chwele hupita Kibabii, na tangu alfajiri huwa na shughuli nyingi. Motokaa ndogo za abiria huwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, walimu, wagonjwa waendao hospitali mjini, na akina mama wenye vikapu vya mboga waendao sokoni. Watu hao wote hutegemea kitu kimoja ambacho hakuna akikumbukaye mpaka kiharibike, nacho ni gia.

Hebu ifikiriwe hali ya dereva atokaye Chwele saa kumi na mbili asubuhi na abiria wake. Afikapo Kibabii anasimama kumshusha mwanafunzi. Akisha kumshusha anakanyaga klachi na kusukuma mkono wa gia ili apate gia ya kwanza, lakini mkono unagoma. Anausukuma kwa nguvu, na chini ya gari unasikika mkwaruzo mkali, kama mawe yanayotikiswa ndani ya debe. Abiria wanatazamana, kisha wanashuka mmoja mmoja wakidai nauli zao. Watu waliokusanyika wana shauri moja tu: "Giaboksi imekufa." Ikifika jioni gari liko chini ya mwembe, sanduku la gia limeshushwa na kufunguliwa, na mwenye gari ameambiwa atafute fedha. Siku ya tatu ndipo inapoonekana ya kuwa sanduku lile halikuwa na ugonjwa wowote. Kilichoharibika ni mpira mdogo ndani ya silinda ya klachi, ambao ulichakaa na kuvujisha mafuta.

Hasara ya namna hii huwapata watu wengi, na sababu yake ni moja: gari likikataa gia, watu hudhani papo hapo ya kuwa gia ndizo mbovu. Sivyo. Kati ya mguu wa dereva na meno ya gia kuna vitu vingi, na aghalabu kilicho kibaya ni kile kilicho nje, ambacho chaweza kuonekana bila ya kufungua sanduku. Yafaa basi mwenye gari ajue kupima kwa utaratibu, akianza na kilicho rahisi na kumalizia na kilicho kigumu.

KAZI YA GIA NA KLACHI

Injini ya motokaa haina nguvu izungukapo polepole. Hupata nguvu ikizunguka mbio. Lakini gari lililosimama haliwezi kuanza mbio mara moja. Kwa hiyo kati ya injini na magurudumu pamewekwa gia, yaani magurudumu madogo ya chuma yenye meno, makubwa kwa madogo. Gia ya kwanza hutoa nguvu nyingi na mwendo mdogo, kama mtu apandaye mlima kwa hatua fupi. Gia ya nne au ya tano hutoa mwendo mwingi na nguvu kidogo, nayo hufaa katika barabara iliyonyooka.

Ili gia ibadilishwe, sharti injini itengwe kwanza na sanduku la gia kwa kitambo kidogo. Kazi hiyo ndiyo ya klachi. Aliyepata kuiona mashine ya kusagia mahindi iendeshwayo kwa mkanda ataelewa upesi. Mkanda ukikaza, jiwe husaga. Mkanda ukilegezwa, injini huendelea kunguruma lakini jiwe husimama. Katika motokaa hakuna mkanda. Kuna sahani ya klachi, ambayo hubanwa kwa springi za nguvu juu ya gurudumu zito la injini. Dereva akikanyaga pedali, springi hurudishwa nyuma, sahani huachiliwa, na sanduku la gia huacha kupokea nguvu ya injini. Akiachia pedali, sahani hubanwa tena na gari huondoka.

Katika masanduku ya siku hizi meno ya gia za kwenda mbele hushikana daima. Kinachosogezwa na mkono wa gia ni pete nene yenye meno, ambayo huifunga gia iliyochaguliwa pamoja na mhimili wake. Kabla pete hiyo haijaingia, yapasa vitu hivyo viwili vizunguke kwa mwendo mmoja. Pete nyingine ndogo, mara nyingi ya shaba, ambayo mafundi huiita sinkro, hugusa kwanza na kuulinganisha mwendo huo.

Magari ya zamani hayakuwa na sinkro. Kampuni ya General Motors ya Marekani ndiyo iliyoitia kwanza katika motokaa zake za Cadillac mwaka 1928. Hata Land Rover za kwanza, zilizotolewa Uingereza mwaka 1948 na kutumika sana katika mashamba ya Afrika Mashariki, zilikuwa na sinkro katika gia ya tatu na ya nne tu. Dereva wa siku zile alipotaka kushuka kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza hali gari linakwenda, alikanyaga klachi mara mbili na kutia mafuta kidogo katikati, akisikiliza kwa sikio mpaka mwendo ulingane. Akikosea, sanduku lilimpigia kelele. Kelele ile ndiyo isikikayo hata leo gari likataapo gia. Maana yake ni kwamba vyuma viwili vinakutana navyo havizunguki kwa mwendo mmoja. Si lazima kimojawapo kiwe kimevunjika.

JARIBIO LA KWANZA: KUZIMA INJINI

Jaribio hili halihitaji spana wala fedha, nalo ndilo lililo kubwa kupita yote. Gari lisimamishwe mahali palipo sawa, breki ya mkono ivutwe, na injini izimwe. Kisha dereva akanyage klachi mpaka mwisho na kujaribu kuingiza gia zote, moja moja, pamoja na ile ya kurudi nyuma. Gia moja ikigoma kidogo, gari lisogezwe kidogo sana na ijaribiwe tena, kwa sababu huenda meno yamekutana ncha kwa ncha.

Ikiwa gia zote zaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini hukataa ikiwa inaunguruma, basi ugonjwa uko katika klachi. Klachi haiachii; injini inaendelea kulizungusha sanduku la gia hali dereva anadhani ameitenga. Sanduku lisiguswe.

Ikiwa gia hukataa hata injini ikiwa imezimwa, basi klachi haina hatia. Ugonjwa uko katika mkono wa gia, au katika nyaya na vyuma viuunganishavyo na sanduku, au ndani ya sanduku lenyewe.

Liko jaribio la pili la kuthibitisha lile la kwanza. Injini iwashwe, gari likiwa fri. Dereva akanyage klachi mpaka mwisho, ahesabu tano polepole, kisha aingize gia ya kurudi nyuma. Gia hiyo katika magari mengi haina sinkro, kwa hiyo haiwezi kuficha ubaya wa klachi. Ikiingia kimya, klachi yaachia vyema. Ikikwaruza hata baada ya kungoja, klachi inashika.

Haifai kuchanganya ugonjwa huu na ule wa klachi iliyokwisha. Klachi iliyokwisha huziacha gia ziingie bila taabu, lakini gari likifika mlimani injini hupiga kelele nyingi na mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua husikika. Huko ni kuteleza. Ugonjwa uelezwao hapa ni kinyume chake.

KLACHI ISIYOACHIA

Kwanza patazamwe chini ya pedali. Mara nyingine zulia la sakafuni limejikunja, au chupa imebingirika hapo, na pedali haifiki mwisho. Jambo hili laonekana kama mzaha, walakini limewapeleka watu wengi kwa fundi bure.

Baada ya hapo yapasa ijulikane gari hutumia waya au mafuta. Magari mengine huvuta klachi kwa waya wa chuma, na mengine huisukuma kwa mafuta ya breki.

Kwa gari la waya, pedali ikikanyagwa polepole kwa mkono, yafaa kuwe na nafasi ndogo ya kulegea kabla haijaanza kuwa nzito. Kitabu cha gari hutaja kipimo chake. Nafasi ikizidi sana, waya umelegea, na klachi haifunguki yote. Mara nyingi nati ya kurekebishia hutosha kuuponya. Waya ukionekana umechanika nyuzi, ubadilishwe mara moja, kwa maana nyuzi chache zilizobaki hazitachukua siku nyingi kabla ya kukatika.

Kwa gari la mafuta, boneti ifunguliwe na kikopo cha mafuta kitazamwe. Katika motokaa nyingi ndogo klachi na breki hunywa katika kikopo kimoja, na aghalabu mlango wa klachi huwekwa juu ya ule wa breki, ili mafuta yakipungua klachi ife kwanza na breki zibaki. Kwa sababu hiyo, gari linalokataa gia kwa kupungukiwa mafuta huenda linatoa onyo juu ya breki. Dereva akiongeza mafuta na kwenda zake bila ya kutafuta yanakovujia, amelinyamazisha onyo hilo.

Mahali pa kutafuta ni pawili. Pa kwanza ni penye silinda ya juu, iliyo nyuma ya pedali. Pavujapo hapo, mafuta huteremka ndani ya gari na kulowesha zulia. Pa pili ni penye silinda ya chini, iliyo karibu na sanduku la gia. Hapo huonekana unyevu na vumbi lililogandamana. Yako magari ambayo silinda hiyo imefichwa ndani pamoja na beringi ya klachi, nayo hayo hayatengenezwi bila ya kulishusha sanduku.

Tena kuna dalili nyingine iliyo wazi. Ikiwa gia hukataa mara ya kwanza, lakini huingia baada ya pedali kukanyagwa mara tatu au nne upesi upesi, basi kuna hewa ndani ya mfereji wa mafuta, au mipira ya silinda ya juu imechakaa na mafuta yanarudi nyuma. Hewa hubanika na mafuta hayabaniki. Kwa hiyo nguvu ya mguu huishia katika kuibana hewa.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye kiti, hukanyaga pedali mara kadhaa, kisha huishikilia chini. Mwenziwe hulegeza kwa spana skrubu ndogo iliyo katika silinda ya chini, ambayo imevishwa kimpira chembamba chenye ncha iliyozama katika mafuta ndani ya chupa. Hewa hutoka kwa mapovu. Skrubu hukazwa kabla pedali haijaachiliwa, na kazi hurudiwa mpaka mapovu yaishe. Muda wote huo kikopo cha juu kisiachwe kikauke, la sivyo hewa nyingine itaingia na kazi itaanza upya.

Mafuta yatumiwe ya namna iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Mafuta ya injini yasitiwe humo kamwe, hata kidogo, hata kwa safari fupi. Mipira yote itavimba, ya klachi na ya breki pia. Mafuta ya breki yakimwagika hula rangi ya gari, na tena ni sumu. Yasihifadhiwe katika chupa ya soda, mtoto asije akayanywa.

Ikiwa pedali, waya, mafuta na silinda vyote ni vizima, na klachi bado inashika, hapo ndipo ugonjwa uko ndani. Huenda beringi imekwisha, na hiyo hulia pedali ikanyagwapo. Huenda uma uisukumao umepinda. Huenda sahani imegandamana na gurudumu la injini kwa kutu, kama itokeavyo katika gari lililokaa miezi mingi bila ya kuendeshwa. Kwa kazi hiyo sanduku hushushwa kweli, lakini hushushwa ili klachi ifikiwe. Gia zenyewe haziguswi.

MKONO WA GIA NA VIUNGO VYAKE

Sasa lichukuliwe gari linalokataa gia hata injini ikiwa imezimwa. Ikiwa mkono wa gia umelegea, ukienda huku na huku kama mwiko katika uji, huenda kiungo kimechomoka. Katika magari mengi ya siku hizi mkono huunganishwa na sanduku kwa nyaya mbili, na ncha za nyaya hizo zina bushi ndogo za plastiki au mpira. Vumbi la barabara za udongo huingia humo wakati wa kiangazi, matope huingia wakati wa mvua, na bushi huliwa kidogo kidogo. Kwanza gia huwa ngumu kupatikana, kisha dereva hutafuta ya kwanza akapata ya tatu, mwisho waya huchomoka na hapatikani gia yoyote.

Namna ya kupima ni nyepesi. Injini izimwe, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe mawe. Mtu mmoja asukume mkono wa gia ndani ya gari, na mwingine atazame, boneti ikiwa wazi, pale nyaya zinapofika kwenye sanduku. Ikiwa mkono unasogea lakini chuma cha sanduku hakisogei, ugonjwa umeonekana. Chuma hicho kikisukumwa kwa mkono na gia ikaingia vyema, sanduku ni zima. Bushi mpya ni kitu kidogo, na kazi yenyewe ni ya muda mfupi. Kukifunga kiungo kwa waya wa seng'enge ni dawa ya kuliondoa gari barabarani, si ya kuchukulia abiria.

SANDUKU LENYEWE

Mambo hayo yote yakiisha kutazamwa, ndipo sanduku lishukiwe. La kwanza ni mafuta yake. Madereva wengi hubadilisha mafuta ya injini kwa bidii na kuyasahau ya gia miaka mingi. Gari likiwa mahali palipo sawa, skrubu ya pembeni ya sanduku hufunguliwa, na katika magari mengi mafuta hutakiwa yafike ukingoni mwa tundu. Yakiwa chini, yaongezwe ya namna ile ile iliyotajwa katika kitabu cha gari. Yako mafuta ya gia yaliyo makali kwa shaba, nayo hula sinkro. Kwa hiyo si kila mafuta mazito yafaa.

Mafuta yenyewe hutoa ushahidi. Uji mwembamba wa rangi ya kijivu juu ya sumaku ya skrubu ni uchakavu wa kawaida. Chembe zing'aazo kama dhahabu ni shaba ya sinkro. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni meno yaliyovunjika, na gari la namna hiyo lisiendeshwe tena.

La pili ni kutazama ni gia zipi zinazokataa. Gia zote zikikataa pamoja, si rahisi kuwa zote zimeharibika siku moja. Yafaa klachi na viungo vipimwe tena. Lakini gia moja tu, mathalani ya pili, ikikwaruza kila siku na nyingine zikawa nyororo, sinkro ya gia ile imekwisha. Na gia ikiingia kisha ikaruka yenyewe gari literemkapo, meno yake au uma wake umelika. Magonjwa hayo ndiyo ya kufungua sanduku.

Jambo moja lisimtishe mtu. Mji wa Kitale uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Asubuhi ya baridi huko Kitale mafuta ya gia huwa mazito, na mkono huwa mgumu kwa dakika chache za kwanza. Ugumu ukiondoka gari lipatapo joto, hakuna haja ya kulifungua.

MAGARI YA OTOMATIKI

Motokaa nyingi zinazoingia Kenya zimekwisha kutumika Japani, na kanuni za nchi hazikubali iliyozidi umri wa miaka minane. Nyingi kati ya hizo hazina pedali ya klachi. Hujibadilisha gia zenyewe. Nazo pia hukataa, ila dalili zake ni nyingine.

Ikiwa mkono hautoki katika herufi P, dereva akumbuke ya kuwa sharti breki ikanyagwe kwanza, na swichi ya gari iwe imefunguliwa. Ikiwa bado unagoma, mtu atazame taa za breki nyuma ya gari. Zisipowaka, basi aghalabu fyuzi imeungua au swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki imekufa, na gari halijui ya kuwa breki imekanyagwa. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo sana.

Ikiwa mkono unasogea lakini gari haliendi, au huchelewa kuondoka, mafuta ya gia yapimwe kama kitabu kielezavyo. Mafuta mazuri ya otomatiki mara nyingi ni mekundu. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, ugonjwa ni mkubwa. Magari mengine yana gia za mkanda wa chuma badala ya meno, nayo yana mafuta yake peke yake. Kuyachanganya na mengine ni kuliua sanduku. Na gari likiganda katika gia moja, taa ya onyo ikiwaka, basi kompyuta yake imeona hitilafu na kujilinda. Yatakiwa fundi mwenye mashine ya kuzisoma hitilafu kabla ya mwenye spana.

Gari la otomatiki lisivutwe mwendo mrefu hali magurudumu yake yaendeshwayo na injini yako chini, kwani vyuma vya ndani vitazunguka bila ya kupata mafuta.

USALAMA KWANZA

Gari likikataa gia barabarani, kazi ya kwanza ni kuwalinda watu. Taa za tahadhari ziwashwe, abiria washuke upande ulio mbali na magari, na vibao vya pembetatu vya kuonya viwekwe mbali, nyuma na mbele. Matawi ya miti yakitumiwa, yaondolewe gari likiondoka, kwa maana tawi lililosahauliwa usiku huwa mtego kwa mwenye pikipiki.

Kuusukuma mkono kwa nguvu hakuponyi kitu. Kila mkwaruzo hukata meno, na ugonjwa wa klachi ulioanza kwa mpira mdogo hugeuka kuwa ugonjwa wa gia.

Hatari kubwa kuliko zote iko milimani. Barabara ziteremkazo kutoka Kapsokwony na sehemu nyingine za Mlima Elgon humtaka dereva ashuke kwa gia ndogo, ili injini isaidie kulizuia gari. Asiyeweza kupata gia ndogo hubaki na breki peke yake. Breki zikishikwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hupoteza nguvu. Kwa hiyo gari lenye gia za mashaka lisipelekwe mteremkoni, hata mzigo ukiwa ni wa haraka. Na desturi ya kuteremka fri ili kuokoa petroli ni mbaya vile vile, kwa maana anayehitaji gia katikati ya mteremko huenda asiipate.

Tena mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu. Liwekewe stendi za chuma au magogo imara, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Jeki huteleza bila ya kutoa habari.

MWENYE GARI NA FUNDI

Mafundi wazuri wako wengi Bungoma na Kitale. Wengine walifundishwa katika vyuo vya ufundi, na wengine walijifunza kwa macho na mikono chini ya jua kali. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani huwapima mafundi kwa madaraja na kuwapa vyeti, hata wale wasiopita chuoni; si vibaya kuuliza cheti.

Lakini hata fundi hodari huhitaji habari za kweli, kama mganga ahitajivyo habari za mgonjwa. Mwenye gari asiseme, "Giaboksi imekufa." Aseme aliyoyaona: gia huingia injini ikizimwa, hukataa ikiwaka, pedali imekuwa nyepesi tangu juma lililopita, mafuta yamepungua, ya kurudi nyuma hukwaruza. Maneno hayo machache humwonyesha fundi mlango wa kuingilia. Na kazi ikiisha, mwenye gari aombe aonyeshwe kifaa kilichotolewa na aelezwe ubaya wake.

Yule dereva wa Kibabii angalizima injini na kujaribu gia zake kwa dakika mbili, zingaliingia zote, naye angalijua ya kuwa ugonjwa uko kwenye klachi. Angalifunua boneti na kuona kikopo kitupu. Gari lingalivutwa mjini, likatiwa mpira mpya, likatolewa hewa, na siku ya pili lingalikuwa njiani pamoja na abiria wake. Huenda pia angalikumbuka ya kuwa pedali yake ilianza kulegea siku nyingi kabla, naye akawa akiikanyaga mara mbili na kuendelea na safari. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mwenye gari, ufa wa kwanza mara nyingi ni mafuta yanayopungua katika kikopo kidogo chini ya boneti, ambacho chatazamwa bure kila asubuhi.